Chakula cha Bungulu na Barabara Zake

"Hapa kwenu munakula nini?" Swali hilo nalisikia mara nyingi siku hizi. Wanaoliuliza ni watu waliofika Beni baada ya Goma kuanguka mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini ilipohamishia kazi zake kwetu. Kuna wafanyakazi wa ofisi, walimu na wafanyabiashara, na kuna familia zilizofika na mtoto mgongoni tu. Wengine wamepanga nyumba hapa Bungulu, moja ya komini nne za mji wetu, pamoja na Beu, Mulekera na Ruwenzori. Wanazunguka soko la Kilokwa wakitafuta sambaza wa Ziwa Kivu, jibini la Masisi, maharage ya Rutshuru. Vitu hivyo zamani vilipanda na malori kupitia Kanyabayonga na Lubero. Tangu vita vifike Kanyabayonga katikati ya mwaka 2024, mzigo wa upande huo ni wa kubahatisha. Basi wanageuka na kutuuliza sisi wenyeji.

Majirani zangu hujibu haraka: bugali na sombe. Ni kweli, bugali wa muhogo na majani ya muhogo yaliyotwangwa, kile ambacho ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kisamvu. Lakini jibu hilo ni fupi mno kwangu. Katika maisha yangu nimeona sahani ya Bungulu ikibadilika mara kadhaa, na sijaona hata mara moja watu wakiacha chakula kwa sababu wamekichoka. Nimeona wakikiacha kwa sababu njia ya kukifikia ilikatwa.

Nilizaliwa Bungulu katika miaka ya 1980. Koko, mama mzaa baba, alikuwa na shamba Mayangose, pembezoni mwa mji, upande wa Hifadhi ya Virunga. Tulitoka kabla ya jua, wanawake mbele na majembe, watoto nyuma na vyungu. Shamba lile halikuwa na mistari iliyonyooka. Muhogo ulikaa na mahindi, migomba ilisimama kandokando, mboga ya lengalenga ilijiotea yenyewe penye majivu, na kwenye mpaka palikuwa na michikichi michache ambayo Koko aliihesabu kama watu wa nyumbani.

Kazi ya bugali ilianzia pale na haikumalizika siku hiyo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na usipoandaliwa vizuri unadhuru watu. Koko hakulijua jina la sumu hiyo, lakini alijua siku: muhogo ulimenywa, ukalowekwa siku tatu, na kukiwa na baridi ukapewa ya nne. Baadaye ukavunjwavunjwa, ukaanikwa, ukageuzwa, ukaingizwa ndani kila wingu lilipotokea upande wa Ruwenzori. Ndipo ukatwangwa na kuchekechwa, au ukapelekwa kwenye mashine ya kusaga. Sombe nayo ina kazi yake. Majani machanga huchumwa, hutwangwa kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, huchemshwa muda mrefu, na mwishoni hutiwa mafuta ya mawese, mekundu na mazito. Aliyekuwa na makayabu, samaki wa chumvi, aliyaweka. Asiye nayo alitia maharage, au hakutia kitu.

Nilichojifunza pale, ingawa nilikielewa baadaye sana, ni kwamba chakula hiki ambacho mjini kinaitwa cha maskini kinahitaji utajiri wa aina yake. Kinahitaji muda. Kinahitaji maji yaliyo karibu, ua wa kuanikia, na mtu anayeweza kuacha mali yake nje kwa siku nyingi akijua ataikuta. Chakula cha wiki nzima ya kazi hakiwezi kupikwa na watu wanaokimbia kila baada ya siku mbili.

Tulikula kwa duara. Bugali mmoja mkubwa, bakuli moja la sombe, mikono mingi. Watoto tulikuwa na duara letu, na mkubwa kati yetu ndiye aliyegawa samaki. Nakumbuka sheria ambayo haikuandikwa popote: jirani akipita wakati wa kula, anasogezewa kiti kabla hajamaliza salamu.

Upande wa vinywaji, bwana wa nyumba yetu alikuwa baba mdogo, aliyetengeneza kasiksi. Ndizi zilivundikwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba mpaka ziive sawasawa. Kisha zilimenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa mti, na maji kuongezwa. Sisi watoto tulisubiri hapo, kwa sababu maji yale matamu tulipewa kabla hayajatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Mtama ukiingia, kinywaji kilikuwa cha wakubwa. Kilikaa usiku, kikachemka chenyewe, na kesho yake au keshokutwa watu walijua wapi pa kukutania. Nimeshaona kwamba jamii nyingi za maziwa makuu na milima ya Afrika Mashariki zina ndugu wa kasiksi: Wahaya wana rubisi, Waganda wana tonto, Wanyarwanda wana urwagwa, na Wachaga huchanganya ndizi na ulezi wakapata mbege.

Kasiksi ilikuwa na kazi kubwa kuliko kulewesha. Posa ilipelekwa nayo. Ugomvi wa mpaka wa shamba ulimalizwa juu yake. Watu waliokuja kulima pamoja walilipwa kwayo, na malipo hayo yalimlazimisha mwenye shamba kukaa na wafanyakazi wake mpaka jioni na kusikiliza habari zao. Bia ya chupa haimlazimishi mtu hivyo.

Halafu ukaja ugonjwa wa migomba. Mnyauko wa bakteria uliingia Kivu Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukianzia upande wa Masisi, na baadaye ukafika kwetu. Majani yaligeuka manjano na kulegea, ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zilikuwa za kahawia. Mabwana shamba walitufundisha kung'oa mgomba mgonjwa, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kuvunja ua la chini kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasibebe ugonjwa. Baba mdogo alifuata yote, lakini shamba la jirani asiyefuata lilitosha kumrudisha nyuma. Kasiksi ikawa adimu na ghali. Vijana wakahamia kwenye pombe kali za vifuko vya plastiki. Sina neno jema la kusema juu ya vifuko hivyo. Vimeharibu vijana niliosoma nao, na havijawahi kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba.

Nilipokwenda kusoma Butembo, kilomita zisizofika sitini kusini mwa Beni, nilidhani nimebaki nyumbani. Lugha ilikuwa ileile, Kinande na Kiswahili. Sahani ilikuwa nyingine. Beni iko chini, penye joto, nchi ya michikichi, muhogo, mpunga na makemba, yaani ndizi za kupika. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na vilima vya Lubero vinavyoizunguka ni nchi ya viazi, maharage, kabichi, ngano na vitunguu vya pwaro. Mama aliyenipangisha chumba alipika viazi na maharage kwenye sufuria moja, akavipondaponda kidogo, akatia pwaro. Kwa mtoto wa Beni aliyezoea bugali, chakula hicho kilihitaji kuzoewa. Nilikizoea, na leo ndicho ninachotaka nikiugua.

Nilipotoka likizo nilimletea dumu la mawese. Alilipokea kwa mikono miwili, na Jumapili hiyo aliita dada zake waje kula. Niliporudi Beni alinifungia gunia dogo la maharage na shada la pwaro kwa mama yangu. Wanawake hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana, lakini walipelekeana chakula kwa miaka yote ya masomo yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jiko la Wanande ni moja lenye ghorofa mbili, na ngazi yake ni barabara ya Beni na Butembo.

Biashara hiyo ni ya kale kuliko magari. Wazee walitusimulia jinsi watu wetu walivyovuka bonde la Semuliki kwenda kutafuta chumvi ya Katwe, upande wa Uganda wa leo, na kurudi nayo milimani kuibadilisha kwa chakula. Nilipokuwa mwanafunzi, kazi hiyo niliiona kwa chukudu. Vijana walishuka kutoka Kyondo na vijiji vya juu na baiskeli hizo za mbao, zimepakiwa magunia ya viazi na kabichi mpaka usimwone anayeongoza, na nyayo zao zikiwa ndizo breki. Jioni walisukuma kurudi, safari hii na chumvi, sabuni na mawese. Soko la asubuhi la Butembo lilikuwa miguu ya vijana hao. Na msimu wa senene ulipofika, mji mzima ulitazama juu penye taa. Senene wa kukaanga kwa chumvi na kitunguu, na bugali wa moto pembeni: mgeni aliyekula hivyo hahitaji tena kuelezwa kwa nini tunawasubiri.

Samaki walitoka mashariki. Tilapia na kambare wa Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, walifika wabichi kwa wenye bahati, na kwa wengi walifika wamebanikwa au wametiwa chumvi. Wavuvi wa ziwa hilo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba samaki wanapungua na wanaovuliwa ni wadogo. Mnunuzi wa Kilokwa huligundua jambo hilo bila kusoma ripoti yoyote, maana samaki aliyekuwa akitosha familia sasa anawekwa mbele ya baba peke yake.

Nilipomaliza masomo na kurudi Bungulu, shamba la Koko lilikuwa limeanza kubadilika sura. Kahawa ya robusta, iliyowalisha wazee wetu, ilikuwa imekauka kwa ugonjwa wa mnyauko wake yenyewe. Badala yake ikaja kakao. Miche ilipandwa Mbau, Oicha, Mangina, Mayangose, mpaka nyuma ya nyumba za watu mjini. Sitaki kuisema vibaya. Kakao imelipa karo za watoto wengi wa ukoo wangu, na imeezeka nyumba zao mabati. Watoto walifyonza utamu mweupe unaozunguka mbegu, na mbegu zenyewe zilikwenda Uganda na mbali zaidi. Wazee waliopanda mti huo hawakuwa wameonja chokoleti. Baadaye tu, kiwanda kilipojengwa Mutwanga, kinachotumia umeme wa mito ya Ruwenzori, chokoleti ya kwetu ikapatikana, ingawa si kwa bei ya mkulima.

Shida iko kwenye kivuli. Kakao ikikua inafunika ardhi, na chini yake muhogo hauzai. Koko alikubali kutoa nusu ya shamba kwa wanawe, ila nusu ya muhogo aliikatalia mpaka mwisho. "Hiyo ya kwenu mutauza," alisema, "na hii yangu mutakula." Wakati ule tulidhani ni ukaidi wa uzee. Alikuwa ametuzidi kuona.

Oktoba 2014 yakaanza mauaji ya raia katika eneo la Beni. Sina haja ya kuyaeleza kwa undani, kila familia ya Beni ina orodha yake. Ngadi, Oicha, Eringeti, kisha Rwangoma, ndani ya mji wenyewe, jioni ya tarehe 13 Agosti 2016. Wengi waliouawa katika miaka hii walikutwa mashambani, au njiani wakienda mashambani. Watu walikwenda kuchimba muhogo na hawakurudi. Mayangose ikafungwa, si kwa amri moja iliyotangazwa, bali kwa mazishi. Kakao yetu ilivunwa na watu tusiowajua. Muhogo wa Koko ulibaki ardhini mpaka ukawa mti.

Ndani ya mwaka mmoja sahani yetu iligeuka. Unga wa muhogo ulinunuliwa kwa kopo, kutoka pande zilizokuwa bado na usalama, na bei yake ilipanda kila kijiji kingine kilipohama. Unga wa mahindi kutoka Uganda, unaoingia kupitia Kasindi, ukachukua nafasi kubwa. Watu walichanganya unga wa aina hizo mbili, kisha wakapunguza muhogo polepole mpaka bugali mweupe wa mahindi ukawa wa kawaida. Mchele wa kutoka Asia ukawa chakula cha sherehe na cha msiba, na hali mpunga ulilimwa hapa hapa. Koko alikula bila kulalamika, lakini alikula kidogo. Daktari alitafuta ugonjwa. Mama yangu alitafuta muhogo wa kulowekwa, akaupata kwa jamaa wa upande wa Butembo, na siku hiyo Koko aliomba kuongezewa.

Kisha tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola Mangina, na baada ya wiki chache Beni ikawa kitovu chake. Ugonjwa ule uliendelea katika eneo letu mpaka Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Njia iliyokatwa safari hii haikuwa ya shambani. Ilikuwa ile fupi kabisa, kati ya mkono wangu na mkono wa ndugu yangu. Nyama ya porini iliyobanikwa, iliyokuwa ikitoka msituni upande wa Mambasa, ilikatazwa na watu wakaiogopa. Mlangoni mwa soko tulinawa maji ya klorini. Na nyumbani tuliacha duara. Kila mtu akapewa sahani yake na kijiko chake, na watoto wakafundishwa kutogusa chakula cha mwenzao.

Lilikuwa jambo la lazima, na liliokoa maisha. Nililisimamia mwenyewe nyumbani kwangu na ningelisimamia tena. Lakini hesabu ya chakula ilibadilika pamoja nalo. Katika duara mgeni mmoja zaidi hakuonekana. Kwenye sahani, mgeni asiyetarajiwa ni sahani inayokosekana, na mwenye nyumba anaona haya. Ugonjwa ulipokwisha, nyumba nyingi hazikurudi kwenye duara. Kiti bado kinasogezwa, ila kwa kusitasita, na watoto waliozaliwa baada ya pale wanaona kula mikono mingi bakuli moja kama hadithi ya kijijini.

Nayakumbuka haya yote kwa sababu ya wageni wetu wa sasa. Mmoja wao ni mama aliyetoka upande wa Rutshuru na wajukuu, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wiki zake za kwanza alikuwa akiomba msamaha kila anapokula kwetu, kwamba hajui kupika sombe, kwamba mawese yanamkaba koo. Mimi nilimweleza habari ya viazi vya Butembo na jinsi nilivyojifunza kuvipenda. Baada ya muda aliomba kipande cha uwanja wetu, mahali ambapo tulikuwa tukichomea takataka. Amepanda maharage aina ya kwao, yenye madoadoa, mbegu alizobeba ndani ya kitambaa alipokimbia. Yamezaa. Sombe yake ya kwanza aliileta kwenye sufuria iliyofunikwa na jani la mgomba, na mama yangu, ambaye ni mgumu kusifu, alimwambia tu: "Dada, ongeza chumvi, mengine umepata."

Kuna jambo ninaloliomba bila kuona haya. Ofisi zimejaa Beni, na mikutano, mafunzo na karamu za kupokea wakubwa hazikosi. Katika nyingi nilizohudhuria tumekula mchele wa gunia la ng'ambo na kuku wa friza. Hela hiyo hiyo ingeweza kununua sombe na bugali wa muhogo kwa mama wa Kilokwa, samaki wa Kyavinyonge, viazi vya Lubero, makemba ya Watalinga. Na wale wanaopanga ulinzi wa eneo hili watazame kalenda ya mkulima pamoja na ramani ya vita: wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna ndipo watu wanapolazimika kwenda, na ndipo wanapouawa. Doria inayokaa barabarani wakati wanawake wako bondeni wakichimba muhogo haijawalinda.

Kwa upande wangu nimeanza na mashina. Muhogo wa Koko, ule wenye ganda jekundu la ndani, nilidhani umepotea pamoja na Mayangose. Mwaka jana niliuona kwenye ua wa mjane mmoja wa ukoo wetu, ambaye marehemu mume wake aliomba vipande kwa Koko miaka mingi iliyopita na kuvipanda kama wigo. Alinikatia mzigo mzima wa vipande. Nimepanda uwanjani kote palipobaki nafasi, na vingine vimekwenda kwa majirani. Mama wa Rutshuru ameshauliza kama vinaweza kukaa pamoja na maharage yake. Nimemwambia vinaweza, mradi aache nafasi ya hatua moja, na mvua za Agosti zikianza tutamkatia vya kwake.